CHAKAVU, BURE NA KISASA: Uhakiki wa Maneno Tuyatumiayo kwa Kompyuta

Miaka michache iliyopita tuliletewa kazi ya kufasiri tangazo la mnada. Ofisi iliyotuletea ilitaka kuuza vifaa ambavyo haikuvihitaji tena, na tangazo lilipaswa kutoka kwa Kiswahili ili wananchi wote walisome. Katika orodha ya asili kompyuta zilikuwa zimepangwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la mashine zilizoharibika. La pili la mashine nzima zilizozidi mahitaji ya ofisi. Na la tatu la mashine nzima ambazo mwenye programu alikuwa amekwisha kuacha kuzihudumia. Sisi, kwa haraka na kwa mazoea, tuliyafasiri mafungu yote matatu kwa neno moja: chakavu. Tangazo likatoka, mnada ukafanyika, na mashine zote zikauzwa kwa uzito kama vyuma. Baadaye tulipata habari kwamba mwalimu mmoja wa shule ya sekondari alilisoma tangazo lile ubaoni, akaliona neno hilo, akaenda zake. Shule yake haikuwa na kompyuta hata moja.

Kosa lile lilikuwa letu, wala hatumsingizii karani aliyetuletea karatasi. Tunaanza nalo makala haya kwa kuwa latukumbusha jambo ambalo sisi washughulikiaji wa istilahi aghalabu tunalisahau. Istilahi haikai katika kamusi tu. Huingia katika fomu, katika daftari la mali, katika hati ya zabuni na katika tangazo la mnada, na humo hutoa hukumu. Neno likikosewa katika barua ya kawaida, msomaji hukunja uso na kuendelea. Likikosewa katika daftari la mali, mashine nzima hutupwa.

Tunakusudia hapa kuyachunguza maneno machache yatumikayo leo kwa kompyuta na programu zake, na kuitetea rai moja. Rai yenyewe ni kwamba kwa ofisi na shule zetu nyingi, mashine kuukuu itengenezekayo, yenye programu huria ndani yake, ni bora kuliko kifaa kipya kisichofunguka. Na kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kulisema jambo hilo sawasawa, ila sisi wafasiri tumeyaacha yalale.

Jina la sanduku

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za kompyuta umekuwa mjadala wa jina la mashine yenyewe. Tanzania imeshika kompyuta. Waandishi wengi wa Kenya wamependelea tarakilishi, neno lililoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili. Na wako pia waliotaka ngamizi. Kila upande una hoja zake. Hatuna ugomvi na neno lolote kati ya hayo. Lakini yafaa tujiulize: wakati tulipokuwa tukibishana juu ya jina la sanduku, ni nani aliyekuwa akishughulikia majina ya hali zake? Jina la kitu humwambia mnunuzi anunue nini. Sifa ya kitu humwambia kikiharibika afanyeje.

Kishikwambi ni mfano mzuri. Neno hili lilienea sana Tanzania wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, makarani walipokwenda nyumba kwa nyumba na vifaa hivyo mikononi. Na baada ya sensa vifaa vikagawiwa walimu. Neno limekubalika, nasi tunalikubali. Lakini mwalimu ambaye betri ya kishikwambi chake imekufa hana sifa ya kutaja anapouliza kama kifaa chake ni cha jamii ambayo fundi wa mjini aweza kuifungua, au cha jamii ile ambayo betri imebandikwa ndani kwa gundi na jalada halikukusudiwa lifunguliwe. Tumempa jina la kifaa. Sifa zake hatukumpa.

Umri na afya

Kiswahili kina njia mbili za kukipima kitu kilichotumika. Ya kwanza ni umri: kitu ni kipya, ni cha zamani, ni kikuukuu, ni kikongwe. Ya pili ni afya: kitu ni kizima au ni kibovu. Njia hizi mbili hazifuatani kwa lazima. Baiskeli yaweza kuwa kuukuu na nzima. Redio yaweza kuwa mpya na mbovu. Hata mtoto akitumwa kuazima jembe kwa jirani huijua tofauti hiyo, naye hurudi kusema kwamba jembe ni la zamani lakini ni zima.

Sasa tulitazame neno chakavu. Latokana na kitenzi kuchakaa, na makazi yake ya asili ni vitu vinavyolika kwa kutumiwa, kama vile nguo, mkeka, kamba na tairi. Katika vitu vya namna hiyo umri na ubovu hutembea pamoja, ndiyo maana neno moja hutosha kuvisemea vyote viwili. Nguo ikichakaa imechakaa. Hakuna fundi awezaye kuurudisha uzi uliokwisha.

Kompyuta hailiki hivyo. Prosesa yake haina kiungo kinachosuguana na kingine, na baada ya miaka kumi aghalabu hufanya hesabu zile zile kwa kasi ile ile iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani. Vinavyolika ni betri, feni, kibodi, bawaba za kiwambo, na diski ikiwa ni ya kuzunguka. Hivyo vyote ni viungo ambavyo, katika mashine iliyoundwa kwa busara, hubadilishwa kimoja kimoja. Kuiita mashine nzima chakavu kwa sababu betri yake imekufa ni sawa na kuliita gari chakavu kwa sababu tairi moja limekwisha.

Na tutoe mfano wa kushikika. Kompyuta mpakato iitwayo ThinkPad ilianza kuuzwa na kampuni ya IBM mwaka 1992, na tangu mwaka 2005 jina hilo limo mikononi mwa kampuni ya Lenovo. Moja ya mashine za ukoo huo ni T420, ya mwaka 2011. Betri yake huchomoka kwa kusukuma vitasa, bila bisibisi. Diski yake imo nyuma ya kifuniko kidogo kilichoshikwa na skrubu. Kumbukumbu yake imechomekwa, haikulehemewa, kwa hiyo mwenye mashine aweza kuiongeza. Isitoshe, kampuni ilitoa hadharani mwongozo wa matengenezo unaoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuifumua mashine yote na kuirudishia.

Mwaka uliofuata, yaani 2012, kampuni ya Apple ilitoa MacBook Pro yenye kiwambo cha Retina. Ilikuwa nyembamba, nyepesi na ya kupendeza. Kumbukumbu yake ililehemewa katika bodi, na betri yake ikabandikwa kwa gundi. iFixit, watu wa Marekani ambao kazi yao ni kuvifungua vifaa vipya na kuvipima kwa wepesi wa kutengenezwa, waliipa alama 1 kati ya 10.

Mashine hizi mbili zimepishana mwaka mmoja tu. Katika daftari la mali la leo zote mbili zingeandikwa chakavu, na karani asingekuwa na njia ya kuonyesha kwamba betri ya moja hubadilishwa na mtu yeyote mezani pake, na betri ya nyingine yahitaji gundi kubanduliwa kwa uangalifu ili isije ikapasuka na kuwaka moto. Neno limeifunika tofauti iliyo kubwa kuliko zote.

Lipo pia neno kongwe, ambalo kwa kompyuta hatulitumii. Twasema Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, wala hakuna adhaniye kwamba kwa kuuita mkongwe tumeushusha hadhi. Kongwe husema kwamba kitu kimeishi miaka mingi na bado kipo. Hatupendekezi kila mashine ya zamani iitwe kongwe. Twataka tu ieleweke kwamba lugha yetu haikulazimishwa na mtu yeyote kuuona umri kuwa ni aibu.

Kisasa kwa kipimo gani?

Kinyume cha chakavu katika hati zetu ni kisasa. Zabuni baada ya zabuni huagiza "kompyuta za kisasa", na haisemi zaidi. Maana ya neno hili ni "cha wakati wa sasa". Basi kila mashine iliyowahi kuundwa ilikuwa ya kisasa siku ilipouzwa, na hakuna iliyobaki hivyo. Ni neno lenye sifa lakini halina kipimo. Mnunuzi akiandika kwamba mashine iwe na kumbukumbu kiasi fulani, iwe na betri inayochomoka, na vipuri vyake vipatikane kwa muda wa miaka saba, ameandika masharti ambayo mkaguzi aweza kuyapima. Akiandika kwamba iwe ya kisasa, amemwachia muuzaji akamilishe sentensi. Wahenga walituonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Nasi twakiandika kinyemi hicho katika hati za serikali.

Lipo na fungu la maneno lililo hatari zaidi: "iliyopitwa na wakati". Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya mfumo endeshi wake wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, kwa masharti yake rasmi haizikubali mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Usiku ule wa Oktoba hakuna skrubu iliyolegea wala waya uliokatika. Kompyuta zilizimwa jioni zikiwa nzima na kuwashwa asubuhi zikiwa nzima. Kilichokoma ni huduma ya kampuni moja. Mfasiri anayeandika kwamba mashine imepitwa na wakati ameigeuza habari ya uamuzi wa kampuni kuwa habari ya maumbile, kana kwamba ni machweo ya jua yasiyozuilika. Fasiri ya haki ni kusema: mashine ambayo mwenye programu ameacha kuihudumia. Ni ndefu, lakini humfanya msomaji aulize swali linalofaa, nalo ni kama yuko mwingine awezaye kuihudumia. Yuko. Debian, mfumo endeshi huria ulioanzishwa mwaka 1993, bado hufanya kazi katika mashine kama ile T420 ya mwaka 2011, na masasisho yake ya usalama hutolewa bila malipo.

Kutengeneza na matengenezo

Tukifika hapa tunagonga tatizo la kweli la lugha, ambalo si la uzembe wa mfasiri. Kitenzi kutengeneza kina maana mbili. Kiwanda hutengeneza kompyuta, na fundi hutengeneza kompyuta. Cha kwanza huileta duniani, na wa pili huiponya. Ikiandikwa katika kumbukumbu za ofisi kwamba mashine "ilitengenezwa mwaka 2019", msomaji hawezi kujua kama huo ni mwaka wa kuzaliwa kwake au wa kupona kwake. Na siku itakapotubidi kuifasiri ile haki inayopiganiwa sasa katika nchi nyingi, haki ya mwenye kifaa kukifungua na kukiponya, tukiandika "haki ya kutengeneza" tutakuwa tumempa mwananchi kiwanda badala ya bisibisi.

Siku hiyo imekwisha kufika. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maagizo yanayowalazimisha waundaji wa aina fulani za vifaa kuvitengeneza vinapoharibika hata baada ya muda wa dhamana. Na kwa kanuni yake ya betri ya mwaka 2023, kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vingi vinavyobebwa zitapaswa ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Ufaransa ilianza mwaka 2021 kuwataka wauzaji waonyeshe dukani alama ya kutengenezeka kwa vifaa kadhaa, kompyuta mpakato zikiwamo. Vifaa hivyo hivyo huuzwa kwetu, na maneno hayo yatatufikia pamoja na masanduku.

Kwa bahati njema lugha imekwisha kutuwekea dawa. Katika majina, tofauti ipo na kila mtu aijua: utengenezaji ni wa kiwanda, matengenezo ni ya fundi. Hakuna apelekaye gari kwenye utengenezaji. Basi haki hiyo na iitwe haki ya matengenezo, nayo itaeleweka bila maelezo. Katika vitenzi, tunaweza kumwachia fundi neno lake, na kiwanda tukakipa kuunda, kama watu wa pwani wasemavyo kwamba jahazi huundwa. Jahazi huundwa mara moja, kisha hutiwa kalafati na kubadilishwa mbao miaka na miaka. Wala hakuna baharia aliyesikika akisema kwamba jahazi lake limepitwa na wakati kwa kuwa ubao mmoja umeoza.

Tena Kiswahili kina kiambishi cha kutendeka ambacho hutoa sifa hii kwa neno moja: kutengenezeka. Kompyuta inatengenezeka au haitengenezeki. Inafunguka au haifunguki. Mafundi wa mitaani husema hivyo kila siku, na mteja huelewa. Lugha nyingine hulazimika kuunda sifa mpya kwa jambo hili. Sisi tunayo katika kitenzi chenyewe. Na sifa hii haina uhusiano na umri. Kampuni ya Framework ilitoa mwaka 2021 kompyuta mpakato mpya ambayo mnunuzi aweza kuifungua na kubadilisha karibu kila kiungo. Hiyo ilikuwa mpya na itengenezekayo. Kwa hiyo hatuupendi uzee kwa ajili ya uzee. Tunazipenda mashine za zamani kwa sababu nyingi kati yake zilitoka kiwandani kabla gundi haijachukua mahali pa skrubu.

Bure, wazi na huria

Yaliyosemwa juu ya sanduku husemwa pia juu ya programu. Programu iliyofungwa ni sanduku lililobandikwa kwa gundi: hufanya kazi mpaka siku itakapokosea, na siku hiyo mwenye kuitumia hana pa kuingilia. Historia yenyewe yaonyesha udugu huu. Karibu na mwaka 1980, katika maabara ya akili unde ya MIT huko Marekani, Richard Stallman alikuwa na mashine ya kuchapa ambayo karatasi zilikwama mara kwa mara. Katika mashine iliyotangulia alikuwa ameibadilisha programu ili iwaarifu watu kazi inapokwama. Mashine mpya ilikuja bila msimbo chanzo, na alipouomba kwa mtu aliyekuwa nao alinyimwa. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL, ambayo ndiyo nguzo ya programu huria hata leo. Linux, kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, husambazwa kwa leseni hiyo. Kwa ufupi, harakati za programu huria zilichochewa na mtu aliyezuiwa kutengeneza mashine ya kuchapa.

Waasisi wake walipata taabu ya lugha ambayo sisi hatuna. Kwa Kiingereza neno moja husema "bila malipo" na pia "huru", na kwa miaka zaidi ya arobaini wamekuwa wakieleza kwamba wao wanakusudia la pili. Kiswahili kinayo maneno mawili mbalimbali, bure na huru, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Ajabu ni kwamba wafasiri wetu wengi, walipopewa nafasi ya kuchagua, walichagua lile lisilokusudiwa. Mpaka leo twasoma katika nyaraka "programu za bure".

Madhara yake ni makubwa kuliko yaonekanavyo, kwa sababu bure ya Kiswahili haina maana ya kutolipa tu. Twasema kazi bure, safari bure, mtu bure kabisa. Afisa ugavi akiletewa pendekezo la kutumia "programu ya bure" katika hesabu za idara, sikio lake husikia kitu kisicho na thamani wala mwenyewe, na husita. Hatumlaumu. Neno ndilo lililomshauri hivyo.

Programu tunayoizungumzia hujulikana kwa uhuru wa namna nne: kuitumia kwa shughuli yoyote, kuichunguza ilivyoundwa na kuibadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa nakala zilizobadilishwa. Bei haikutajwa popote. Ni halali kuiuza, na yako makampuni makubwa yaishiyo kwa kuihudumia.

Mwaka 1998 watu wengine walileta jina la pili, ambalo kwetu limefasiriwa kuwa "chanzo wazi". Fasiri hii ni sahihi neno kwa neno, lakini wazi kwa Kiswahili ni pia kisicholindwa na kisicho na mtu: mlango uko wazi, nafasi iko wazi. Mkuu wa idara mwenye siri za wananchi mikononi mwake akisikia kwamba programu yake iko wazi, hufikiri nyumba isiyo na komeo. Kumbe kilicho wazi ni ramani ya komeo, ili mafundi wengi walikague. Funguo zabaki kwa mwenye nyumba.

Kwa maoni yetu neno huria lashinda yote mawili. Taifa la Tanzania lilikwisha kulipima katika jambo zito. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliitwa huria kwa kuwa milango yake imefunguliwa kwa wengi kuliko vyuo vya kawaida. Wala hakuna adhaniye kwamba hakina mitihani au kwamba shahada yake ni ya bure. Tunajua kwamba neno hilo lilitumika pia katika soko huria, na kwamba wako waliolichukia kwa ajili hiyo. Hata hivyo maana yake ya msingi, yaani ruhusa ya kuingia na kushiriki, ndiyo hasa itakiwayo hapa. Programu huria tayari imeshika kwa wataalamu. Kilichobaki ni kuiingiza katika fomu.

Kwa mfasiri neno hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Leseni yake ilikuwa imekwisha kutoa ruhusa. Hapakuhitajika kumpigia magoti mwenye kampuni. Na istilahi yoyote iliyomo yaweza kusahihishwa na yeyote aliye na hoja bora. Katika programu iliyofungwa mambo ni kinyume chake. Sisi wenyewe tuliwahi kuandika barua tatu kuhusu neno moja lililokosewa katika programu ya namna hiyo, ambalo lilikuwa likionekana kila siku mbele ya wanafunzi wetu. Jibu lilikuwa shukrani. Neno halikubadilika. Baraza la lugha laweza kusanifu istilahi elfu. Ikiwa programu haifunguki, hakuna hata moja itakayoingia ila kwa hisani ya mwenye ufunguo.

Hoja za upande wa pili

Ingekuwa si haki kuyanyamazia mapungufu. Kwanza, mashine kuukuu si kimbilio la milele. Hata Debian, katika toleo lake la 13 la mwaka 2025, haisimikwi tena upya katika mashine za biti 32. Pili, zipo kazi zinazodai nguvu, kama kuhariri filamu, na kwa hizo mashine ya mwaka 2011 itamchosha mtu bure, na hapa twalitumia neno hilo kwa maana yake kamili. Tatu, prosesa za zamani zina kasoro za usalama ambazo waundaji wake hawazirekebishi tena, na ofisi yenye siri nzito yapaswa kulipima hilo.

Nne, na hili ndilo kubwa, ipo hatari ya nchi zetu kugeuzwa jaa. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 yakadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, pamoja na marekebisho yake yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, hudai kwamba taka za namna hiyo zisivuke mpaka bila idhini ya nchi inayopelekewa. Lakini afisa wa forodha atatenganishaje taka na kifaa kilichotumika, ikiwa hati zote mbili zimeandikwa chakavu? Neno lile lile lililoitupa mashine nzima huko ofisini ndilo liwezalo kuipitisha taka bandarini. Anayeiogopa taka ana sababu kubwa zaidi ya kuutaka usahihi tunaoutetea.

Mapendekezo

Kwa hayo yote twapendekeza mambo matano kwa wafasiri, walimu na watumishi wa umma.

1. Neno chakavu litumike kwa kitu kilicholika kisichoweza kurudishwa katika kazi, na kwa hicho tu. Mashine ya miaka mingi iitwe kuukuu. Iliyokwisha kuwa na mtu iitwe iliyotumika. Isiyofanya kazi iitwe mbovu.

2. Daftari la mali liwe na safu tatu zinazojitegemea: umri, afya, na matengenezo. Safu ya tatu ijibiwe kwa neno moja, inatengenezeka au haitengenezeki, na ajibuye awe fundi.

3. Hati za zabuni ziache kuagiza vitu "vya kisasa" na badala yake zitaje vipimo, upatikanaji wa vipuri, na kuwapo kwa mwongozo wa matengenezo.

4. Kazi ya kiwanda iitwe kuunda, na ya fundi kutengeneza. Na haki ya mwenye kifaa iitwe haki ya matengenezo.

5. Programu huria isiitwe ya bure, wala yenye chanzo wazi, ila pale ambapo kwa kweli bei au msimbo ndio unaozungumzwa.

Hatudai kwamba maneno haya matano yatajaza maabara za shule. Lakini tunajua kwamba neno moja liliwahi kuifanya maabara ya shule moja ibaki tupu, na sisi ndio tulioliandika. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Na mbacha, kama kamusi zetu zieleleza, ni mkeka uliotumika siku nyingi. Haukuitwa takataka. Uliitwa wako.

Wasomaji wenye maoni mengine, hasa mafundi na watunza ghala ambao maneno haya hupita mikononi mwao kila siku, tunawaomba watuandikie ili yachapishwe katika toleo lijalo.